Namba ya siri na simu inayosema

Leo naweka msimbo kando nizungumzie historia kidogo. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, watu wa Kitui na Makueni walipumzika kumkabidhi makanga wa matatu bahasha ya pesa za nyumbani. Asiyeona naye alipata tatizo jipya. Simu yake ya bei nafuu haikusoma menyu kwa sauti, hivyo ilimbidi ampe mtu simu pamoja na namba ya siri. Siri ya watu wawili si siri tena.

Dawa ilikuwepo, ila ilikuwa ghali. Simu za Nokia zenye Symbian ziliweza kusema kwa programu za Talks na Mobile Speak, nazo ziliuzwa kando. Uzuri wa simu zile ni vitufe: namba 5 ina kinundu, kidole hakipotei.

Mambo yaligeuka 2009. Mwezi Juni Apple iliweka VoiceOver ndani ya iPhone 3GS. Septemba ikaja Android 1.6 ikiwa na TalkBack, tunda la mradi wa Eyes-Free wa Google, walimokuwa Charles Chen na T. V. Raman, mhandisi asiyeona. Hakuna malipo ya ziada! Lakini kioo ni laini, na ni Android 4.0 ya 2011 iliyowezesha kukipapasa huku simu ikitaja kilicho chini ya kidole.

Tangu hapo kila toleo ni somo jipya. Menyu ya TalkBack ilifunguliwa kwa kuburuta kidole chini kisha kulia, TalkBack 9.1 ya 2021 ikaleta kugonga kwa vidole vitatu. Mwenye macho hutazama mchoro akaelewa. Asiyeona huufundisha mkono upya, na kama yuko Mutomo au Kibwezi, wa kumwelekeza huenda yuko mbali. Afadhali kibodi ya breli ya 2020: ina vitufe 6 kama mashine ya Perkins, kwa hiyo aliyesomea breli shuleni alikuwa na mpangilio huo vidoleni tayari. Ilianza kwa Kiingereza tu.

Lugha ndiyo deni lililobaki. Sauti ya Kiswahili ipo siku hizi, ya Kikamba haimo katika orodha ya Google. Ujumbe wa mama wenye ĩ na ũ husomwa kwa lafudhi ya kigeni.

Deni jingine ni letu waandishi wa programu. Ukiweka picha ya kitufe bila maelezo, TalkBack husema tu kwamba kitufe hakina lebo. Je, hicho ni cha kutuma au cha kufuta? Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inatambua haki ya mlemavu kutumia breli na njia nyingine zinazomfaa za mawasiliano. Kwetu, haki hiyo ni mstari mmoja tu wa msimbo. Kwake, ni kuvaa vipokea sauti masikioni, kutuma pesa mwenyewe, na namba yake kubaki yake.