Bomba likiganda, nani alipe?

Juma hili tuzungumzie maji ya bomba, ila si habari ya mgawo wala ya bili tuliyoizoea. Tuzungumzie maji yanayogoma kutoka kwa sababu yamekuwa jiwe ndani ya bomba, na ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji unaozuka baada ya hapo.

Turudi Uingereza, majira ya baridi ya mwaka 1962 kuingia 1963. Theluji ilianza kutanda Desemba 26, siku ya pili ya Krismasi, na baridi haikuachia mpaka mwanzoni mwa Machi. Wastani wa Januari 1963 katika eneo la kati la England ulikuwa nyuzi 2.1 za Sentigredi chini ya sifuri. Karne nzima ya 20 haikuwa na mwezi mwingine wa baridi kama huo. Ufukweni Herne Bay, huko Kent, bahari iliganda. Raundi ya tatu ya Kombe la FA ilichukua zaidi ya miezi miwili kumalizika.

Majumbani hali ilikuwa ngumu zaidi. Nyumba nyingi zilipashwa joto kwa moto wa makaa katika chumba kimoja tu. Tangi la maji lilikaa darini, na mabomba yakapita kwenye kuta za nje, bila kufungwa hata gunia. Katika nyumba za kupanga za mijini, familia kadhaa ziliishi chini ya paa moja na kugombania koki moja.

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba la risasi au la shaba haliwezi kuhimili nguvu hiyo. Hupasuka. Lakini siku ya baridi kali huoni kitu, kwa kuwa barafu yenyewe imeziba ufa. Jua likichomoza na barafu ikayeyuka, ndipo maji yanapofoka, dari ikashuka na magodoro yakalowa. Mwaka ule hata mabomba makuu yaliyofukiwa ardhini yaliganda, watu wakapanga foleni na ndoo kwenye magari ya maji. Picha hiyo sisi hatuna haja ya kuelezwa.

Sasa swali: hasara hiyo ni ya nani? Mwaka 1953 jaji Denning wa Mahakama ya Rufaa alieleza kwamba mpangaji anapaswa kuitunza nyumba kama mtu mwenye akili timamu: kuzibua sinki alilolizibisha mwenyewe, kusafisha madirisha, na akiondoka kwa majira yote ya baridi, afunge maji. Uchakavu wa nyumba haukuwa mzigo wake. Ila kusema kwamba si mzigo wa mpangaji hakukuwa na maana kwamba mwenye nyumba alilazimika kuubeba. Mara nyingi ulibaki chini, haubebwi na mtu.

Sheria ya Nyumba ya mwaka 1961 ndiyo iliyouokota. Kwa mikataba ya chini ya miaka 7, iliyofungwa kuanzia Oktoba 24, 1961, mwenye nyumba alitakiwa kutengeneza kuta, paa, mifereji, na vyombo vya maji, gesi na umeme. Hivyo baridi ile kuu iliikuta sheria ina umri wa miezi 14 tu. Aliyepanga kabla ya tarehe hiyo haikumhusu. Na hata aliyehusika, wengi waliogopa kulalamika. Sheria ya mwaka 1957 ilikuwa imelegeza udhibiti wa kodi, na wapangaji wengi waliweza kutolewa bila shida. Ulinzi wa kutofukuzwa pasipo amri ya mahakama ulikuja mwaka 1964. Kwa mwanafunzi aliyetoka Afrika, mambo yalikuwa mazito zaidi: mpaka mwaka 1968 mwenye nyumba aliweza kumnyima chumba kwa rangi yake, na sheria isimguse.

Mahakama ziliendelea kuchonga mpaka. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba mwenye nyumba hawajibiki kwa ubovu ambao hajaarifiwa. Mwaka 1982 ikaja kesi ya bomba lenyewe. Mpangaji aliondoka kwa muda mfupi wakati wa baridi, bila kufunga maji, na bomba likapasuka. Mwenye nyumba akataka alipwe. Mahakama ya Rufaa ikamkatalia: hutegemea ukali wa baridi, muda wa kuondoka na hali ya nyumba. Lakini ikasema pia kwamba mwenye nyumba halazimiki kulivisha bomba nguo. Bomba zima ni bomba zima hata likiwa tupu.

Hapo ndipo mimi nasimama kidogo. Kumlazimisha mtu kutengeneza kilichopasuka, na kumwachia asizuie kisipasuke, ni kungoja ukuta wakati ufa unaonekana. Mwaka 2018 England ilitunga sheria nyingine, inayotaka nyumba ya kupanga ifae kukaliwa na binadamu, na maji yamo katika mambo yanayopimwa.

Ndugu zetu wengi leo wamepanga London, Leicester na Minneapolis. Wakiuliza, waambieni hivi: ijue koki kuu ilipo kabla ya baridi; bomba likiganda, ifunge, fungua bomba la sinki, kisha pasha joto taratibu kwa nguo ya maji moto, si kwa moto wa wazi; na mwenye nyumba aarifiwe kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Nasi huku, ambako mabomba hupasuka bila msaada wa theluji, tujifunze neno moja. Haki ya mpangaji Uingereza haikuletwa na huruma ya wenye nyumba. Iliandikwa, ikapelekwa mahakamani, ikaandikwa tena. Je, mkataba wako wewe unasema nani atamwita fundi bomba? Au hata mkataba wenyewe huna?