Taa Nyekundu na Kidonda cha Sukari

Wadau wa Malindi na Kilifi, hii taa nyekundu ya kwenye klipu si mambo ya juzi. Mwaka 1903, daktari Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. 1967 kule Budapest, Endre Mester alimulika panya walionyolewa kwa leza nyekundu, manyoya yakaota haraka. Baadaye akaijaribu kwa vidonda sugu vya watu.

Lakini cheki: sukari hutia mguu ganzi. Nyanya anakanyaga mwiba Mambrui, hasikii kitu. Mwanga haushushi sukari wala hautoi usaha. Mpeleke kliniki kwanza, kidonda kisafishwe. Taa itangoja, mguu haungoji.