Kobe wa Changuu

Mwaka 1919 gavana Mwingereza wa Shelisheli alituma zawadi Unguja: kobe wanne wa kisiwa cha Aldabra. Wakashushwa Changuu, kisiwa kidogo mkabala na Mji Mkongwe, ambako Lloyd Mathews, waziri mkuu wa serikali ya sultani, alikuwa amejenga gereza miaka ya 1890. Gereza lenyewe halikufunga mtu. Majengo yakageuzwa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na homa ya manjano.

Hao wanne walitoka katika ukoo ulioponea chupuchupu. Kwa karne kadhaa mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa wakipakia kobe melini wakiwa hai, maana mnyama huyu hustahimili wiki nyingi bila chakula wala maji, na nyama yake hukaa mbichi mpaka siku ya kuchinjwa. Morisi, Réunion na Rodrigues zikamaliza kobe wao wakubwa wote. Mwaka 1874 Charles Darwin na wanasayansi wenzake walimwandikia gavana wa Morisi wakiomba wale wa Aldabra wasiachwe wafuate njia hiyo.

Changuu walizaana vizuri, na mwaka 1955 walikuwa kama 200. Kisha wakaingia wezi. Kobe wakauzwa nje kwa watu wanaopenda kufuga wanyama wa ajabu, wengine wakaishia chunguni. Kufikia 1996 walibaki 7 tu.

Ikabidi wajengewe uzio na kuwekewa ulinzi. Leo mgeni hupewa mchicha awalishe: shingo yenye mikunjo hunyooka polepole, mdomo usio na meno hubana jani na kulivuta. Umri wa kila mmoja umeandikwa kwa rangi mgongoni, na wapo waliovuka miaka 100.

Ni mnyama rahisi kuibwa akiwa mdogo. Akitoka kwenye yai huenea kiganjani, na mnunuzi humwona kama kichezeo. Dume lililokomaa hufika kilo 250, na gamba lake huweza kuzidi mita moja. Hapo sanduku halimtoshi, wala ua wa nyumba ya kupanga. Anayeuziwa kobe mchanga kichochoroni, awe Unguja au Ulaya, aulize mambo mawili kabla ya kutoa pesa: ametoka wapi, na nani atamlisha baada ya mnunuzi kufariki.