Mpiga Zeze wa Doduma

Wengi walioandika habari za marehemu Hukwe Ubi Zawose huianza hadithi yake Dar es Salaam, katika miaka ya 1960, pale Mwalimu Nyerere alipomwita kutoka Ugogo aje kuitumikia sanaa ya taifa changa. Na kwa kuanzia hapo huwafanya wasomaji wadhani kwamba serikali ndiyo iliyomfunza, ilhali ilimpokea akiwa fundi aliyekwisha kuhitimu.

Alizaliwa kwa makadirio ya mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, mkoani Dodoma, nchi ya mibuyu na miiba, yenye msimu mmoja tu wa mvua, na huo nao si wa kutumainiwa. Nchi ambayo ng'ombe ndiye mali, na mchungaji, aghalabu kijana mdogo, hushinda malishoni akiwa na saa nyingi zisizo na kazi ya mikono. Wagogo wamezitumia saa hizo tangu zama za kale kwa kupiga zeze na ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na mtoto huyu, aliyeirithi sanaa kwa wazee wake, hakuwa na ustadhi wa kumshika sikio wala daftari la kunakilia lahani. Alisikiliza, akaiga, akakosea mbele ya mifugo isiyomcheka.

Zeze lenyewe ni ndugu wa fidla ile waijuayo wapenzi wa taarabu: kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini wa mti, nyuzi chache, mara nyingi mbili, na upinde wa kuzisugulia. Lakini halikai begani. Kibuyu huegemezwa mwilini, na sauti yake ina mkwaruzo ambao mgeni huudhani kasoro. Si kasoro hata kidogo. Uimbaji wa Kigogo umejengwa juu ya zile sauti nyembamba zilizojificha ndani ya kila sauti nene, na wataalamu wa muziki, akiwamo Gerhard Kubik wa Austria, waliustaajabia kwa kuwa waimbaji huzipanga sauti zao kwa kadiri hiyo ya maumbile, kila mmoja na njia yake, bila kufundishwa kanuni yoyote ya Ulaya. Ule mkwaruzo wa zeze huzidhihirisha sauti hizo zilizofichika, na kijana aliyekulia humo hupata sikio ambalo chuo kingechukua miaka mingi kumpa, kama kingeweza.

Zawose hakutosheka na urithi. Aliziongeza nyuzi za zeze na vyuma vya ilimba, akalifunza koo lake kupanda kutoka mngurumo wa kifuani hadi kilio chembamba mno, hata msikilizaji huamini kwamba wanaoimba ni wawili. Uhodari huo ndio uliomfikisha katika kikundi cha taifa cha ngoma kilichoundwa baada ya Uhuru. Na kikundi hicho kilipokwisha kuvunjwa, na Chuo cha Sanaa kufunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, Mgogo huyu wa bara kame alikuwa miongoni mwa walimu wake huko pwani, akiwafunza vijana wa makabila mbalimbali ala ya wachungaji.

Sahani ya *Tanzania Yetu*, iliyotolewa Uingereza mwaka 1985, ambamo alishirikiana na Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute, ndiyo iliyomfungulia mlango wa majukwaa ya ng'ambo. *Chibite* ikafuata mwaka 1996 kwa kampuni ya Real World. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003.

Katika desturi za Ugogo zeze na ilimba vilikuwa vya wanaume, na wanawake, ijapokuwa ndio wenye ngoma ya muheme, katika kundi la ukoo wa Zawose walisimama nyuma wakiitikia. Mwaka 2024 Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, walitoa sahani ya *Maisha* kwa kampuni ile ile ya Real World, safari hii wakiwa mbele, na ala mikononi mwao.