Kosa Linaonekana Hapa, Limeanzia Kule: historia fupi ya kurekebisha draiva za kompyuta



Leo ni zamu yangu ya kuandika historia. Najua wengi mlitegemea habari za vita au za wafalme. Hapana. Nataka niandike historia ya kitu kidogo kilicho ndani ya kila kompyuta tunayotumia kwenye chumba chetu cha Kalerwe. Kitu hicho kilikaribia kutuvunjia undugu.

Wanaokuja chumbani wanakumbuka ile laptopu nyeusi tuliyopewa kama msaada. Mwaka jana ilianza tabia mbaya. Asubuhi inafanya kazi vizuri, ikifika saa sita mchana intaneti inakuwa nzito, saa nane mashine nzima inaganda. Siku ilipoganda vibaya, mwenzetu mmoja alikuwa amekaa mbele yake anajaza fomu ya skolashipu. Fomu ilipotea na siku ya mwisho ilikuwa ile ile. Badala ya kumpa pole, tulimlaumu. Eti ameingiza fleshi yenye virusi, eti anapenda kugusagusa vitu. Na mimi nilikuwa kati ya waliosema. Huyo kijana aliacha kuja. Wiki sita hatukumwona.

Kumbe kosa halikuwa lake hata kidogo. Lilikuwa kwenye draiva.

Draiva ninayosema siyo yule wa taksi ya Gayaza. Ni programu ndogo inayosimama katikati ya kompyuta na kifaa: printa, kadi ya mtandao, kamera. Sisi wakimbizi tunaielewa haraka kuliko watu wengine, kwa sababu draiva ni mkalimani. Unaingia ofisini, afisa hajui Kiswahili chako, wewe hujui Kiingereza chake, mkalimani anakaa katikati. Akitafsiri vibaya, faili lako linaharibika, na wewe hukusema uongo, na afisa naye hakukosea kuandika.

Sasa tuanze historia yenyewe.

Mwaka 1980 hivi, katika maabara moja ya chuo cha MIT kule Marekani, alikuwepo mtaalamu kijana jina lake Richard Stallman. Maabara ilikuwa na printa iliyokuwa inakwama karatasi, na Stallman alikuwa ameongeza kipande kwenye programu yake ili printa ikikwama, watu wapate ujumbe kwenye kompyuta zao. Baadaye wakapewa printa mpya ya Xerox. Nayo ilikwama, ila safari hii programu yake ilikuja imefungwa, msimbo wake hausomeki. Stallman alienda kumwomba mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao. Yule akakataa, kwa sababu alikuwa ameahidi kampuni kuwa hatampa mtu. Printa ikaendelea kukwama, na watu wenye uwezo wa kuirekebisha wakawa wanaiangalia tu.

Jambo hilo lilimuuma. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika programu ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzisoma, kuzibadilisha na kumpa jirani. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akaanza Linux, na mwaka 1992 akaiweka chini ya leseni ya GNU. Laptopu yetu inatumia Linux. Ndiyo maana mtu wa Kalerwe anaweza kufungua draiva ya kadi yake na kusoma kila mstari, bila kumwomba mtu ruhusa.

Lakini kuweza kusoma hakumaanishi hakuna makosa. Makosa ya kumbukumbu ya kompyuta yako ya aina nyingi. Mimi nitaeleza matatu, kwa mifano ya mtaani kwetu.

La kwanza ni kufurika. Programu inatenga sehemu ya kupokelea data, inaitwa bafa. Chukua jerikani ya lita 20. Ukimimina lita 25 bila kuangalia, tano zinamwagika, na kama pembeni kuna unga wa jirani, unga umeharibika. Kwenye kompyuta "unga wa jirani" ni data nyingine iliyo pembeni ya bafa, au hata taarifa zinazoamua amri ipi ifuate. Tarehe 2 Novemba 1988 dunia iliona jambo hili kwa macho. Programu moja iliyotengenezwa na mwanafunzi Robert Morris ilisambaa kwenye intaneti ya wakati ule. Njia mojawapo aliyotumia ilikuwa kutuma baiti 536 kwenye bafa ya baiti 512. Baiti 24 tu za ziada! Wengi hukadiria kompyuta kama 6,000 ziliathirika, wakati intaneti nzima ilikuwa na kama 60,000.

La pili ni kuvuja. Programu inaazima kumbukumbu, inatumia, halafu hairudishi. Ni kama kuazima sahani ya mama wa chakula kila siku bila kurudisha. Siku ya kwanza haoni, mwezi ukiisha hana sahani ya kumpakulia mteja.

La tatu ndilo gumu zaidi, na ndilo lililonifanya niandike leo. Ni kutumia nafasi ambayo si yako tena.

Mnajua maisha ya muzigo. Mpangaji anahama, mwenye nyumba anaingiza mwingine. Sasa fikiria fundi aliyepewa na mpangaji wa zamani orodha ya kazi: "Chumba namba 7, kila usiku uende ukaangalie ukuta." Mpangaji amehama, hakuna aliyemwambia fundi. Usiku anaingia namba 7 na nyundo yake. Ndani kuna familia mpya imelala.

Jambo kama hilo lilitokea mwaka 2008. Mwezi Septemba, watu waliokuwa wanajaribu toleo jipya la Linux, namba 2.6.27, kabla halijatoka rasmi, walianza kuona kadi zao za mtandao za Intel zinakufa. Hazikuganda tu kama laptopu yetu. Zilikufa. Kadi ina kumbukumbu yake ndogo ya kudumu inayotunza namba na mipangilio yake, na hiyo ilikuwa imeandikwa takataka. Ukizima na kuwasha hairudi. Walioathirika walikuwa wakijaribu mifumo mbalimbali kama openSUSE, Mandriva na Fedora. Ubuntu wao waliamua kuizima kabisa draiva hiyo kwenye toleo lao la majaribio mpaka jambo lieleweke.

Draiva hiyo inaitwa e1000e. Bila shaka kila mtu aliinyoshea kidole. Kadi iliyokufa ni yake, mlango wa kufikia kumbukumbu ya kadi ni wake, nani mwingine? Wataalamu wa Intel walipitia msimbo mstari kwa mstari. Walikuta kasoro ndogondogo, wakazirekebisha, lakini hazikutosha kueleza kifo cha kadi. Na kujaribu kwenyewe kulikuwa hatari, maana kila jaribio lingeweza kuua kadi nyingine. Mwanzoni mwa Oktoba walifanya jambo la busara: wakaongeza kiraka cha kufunga ile kumbukumbu ya kadi isiandikike ovyo. Yaani hawakumjua mwizi bado, ila walitia kufuli mlangoni. Toleo la 2.6.27 likatoka tarehe 9 Oktoba 2008.

Mwisho mkosaji alijulikana, na hakuwa draiva. Kulikuwa na chombo kipya ndani ya Linux kinaitwa ftrace, cha kufuatilia programu zinafanya nini. Chombo hicho kilitunza orodha ya anwani ndani ya kumbukumbu ambazo kilitakiwa kuzirudia na kubadilisha amri zake. Sasa, kuna vipande vya msimbo vinavyofanya kazi mara moja tu wakati programu inaamka, halafu nafasi yao inaachiwa. Nafasi iliachiwa, lakini anwani zilibaki kwenye orodha. Baadaye anwani ile ile ikapewa e1000e kama mlango wa kumbukumbu ya kadi yake. Fundi akaja usiku na nyundo.

Na kuna la kushangaza zaidi. Fundi huyu alikuwa mwangalifu. Amri aliyotumia inasema: angalia kwanza, kama kilichopo ni kile unachotarajia ndipo ubadilishe. Kwa hiyo mtu angesema hakuna hatari, akiona si chenyewe ataacha. Lakini kwenye aina hii ya vichakataji, amri hiyo inaandika hata pale isipobadilisha kitu: inarudisha thamani ile ile iliyokuwepo. Kwenye kumbukumbu ya kawaida haidhuru. Kwenye kumbukumbu ya kadi, kule kuandika kwenyewe ni amri tosha ya kuharibu.

Tarehe 15 Oktoba lilitoka toleo la 2.6.27.1 likizima sehemu hiyo ya ftrace. Katika toleo lililofuata, la Desemba 2008, sehemu hiyo ilitengenezwa upya kwa njia tofauti. Steven Rostedt, aliyeiandika ftrace, alikuwa mmoja wa waliofanya kazi ya kuirekebisha. Hadi leo chombo hicho kinatumika duniani kote, na kadi hazifi.

Mimi ninajifunza mambo mawili hapo. Kwanza, kosa lilipatikana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Watu wa makampuni tofauti, wengine wanashindana sokoni, walisoma msimbo mmoja. Kama ftrace ingefungwa kama printa ya Xerox, e1000e ingebeba lawama mpaka leo. Pili, alipopatikana mwenye kosa hakufukuzwa kijijini. Alipewa nafasi ya kurekebisha, akarekebisha mbele ya macho ya wote.

Tangu hapo kazi hii imepata vifaa vizuri zaidi. Mwaka 2009 Linux iliingiziwa chombo cha kutafuta kumbukumbu inayovuja. Mwaka 2015, toleo la 4.0, ikapata KASAN, ambayo inapiga kelele papo hapo programu ikigusa nafasi isiyo yake. Mwaka 2017 mtafiti Andrey Konovalov alitangaza kasoro 14 za usalama kwenye draiva za USB, alizozipata kwa kuacha programu ijaribu data mbovu bila kuchoka. Hiyo inatuhusu kabisa sisi tunaopokezana fleshi kutoka mkono hadi mkono. Na Desemba 2022, toleo la 6.1, Linux ilianza kupokea lugha ya Rust, ambayo inakataa makosa mengi ya namna hii kabla programu haijaanza kukimbia.

Narudi kwenye laptopu yetu. Siku moja niliifungua kumbukumbu yake saa tatu asubuhi, nikaandika namba kwenye daftari. Saa tano nikaandika tena. Saa saba tena. Kumbukumbu iliyobaki ilikuwa inashuka kila saa, hata kama hakuna mtu anayegusa mashine, alimradi intaneti imewashwa. Nikizima waifai, inasimama. Mama wa chakula alikuwa anaishiwa sahani! Nilisoma maelezo ya toleo jipya la Linux, nikakuta mstari mmoja unaosema draiva ya kadi kama yetu ilikuwa haiachii bafa zake, na sasa imerekebishwa. Mtu ambaye hajui Kalerwe iko wapi alikuwa ameshalimaliza tatizo letu, kwa mistari michache. Kilichobaki ni sisi kusasisha. Tulitumia bando ya siku mbili, na mashine haijaganda tena.

Ila kumrekebisha mwenzetu hakukuwa na toleo la kupakua. Nilienda kwao mwenyewe na lile daftari. Nikamwonyesha namba. Nikamwambia, kaka, tulikukosea. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza swali moja: "Na ile fomu yangu?" Sikuwa na jibu. Nafasi ile ilishapita.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kulaumu haraka kuna gharama ambayo kiraka hakirudishi. Ndugu wa mashirika, na ninyi naomba mlisikie hili. Mvua ikinyesha, maji ya mfereji wa Nsooba yanajaa ndani ya nyumba za Kalerwe, na watu husema watu wa Kalerwe ni wachafu, wanatupa taka. Taka zipo, sikatai. Lakini maji yameshuka kutoka vilimani, juu ya mabati na lami za watu ambao hawajawahi kukanyaga tope letu. Panapoonekana uharibifu sipo lazima palipoanzia kosa. Kadi iliyokufa haikujiua. Kijana aliyekaa mbele ya mashine si lazima awe ndiye aliyeiharibu, na mkimbizi ambaye faili lake limechanganyika si lazima awe amedanganya.

Kwa hiyo tumeweka desturi mpya chumbani. Mashine ikikataa, hakuna kuuliza "nani alikuwa hapa?" Tunauliza "ilianza saa ngapi, na nini kilibadilika?" Tunaandika kwenye daftari, limefungwa kwa kamba pale mezani. Yule mwenzetu ndiye anayelitunza sasa. Amesharudi, na mwaka huu anaomba skolashipu tena. Safari hii anahifadhi kila ukurasa.

Kwa leo naishia hapa. Mtu anayetaka kuona namna ya kusoma kumbukumbu ya kompyuta aje Jumamosi, tutafungua pamoja.