Mlango wa Choo kama Chanzo cha Maradhi: Hoja kuhusu Utafiti wa Kufunga Choo na Kiungulia katika Laini Saba

Dai kwamba Mwafrika hafungi choo halikutoka mbali. Lilizaliwa papa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1972, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa amefanya kazi kwa miaka mingi Uganda, alichapisha pamoja na Walker na Painter katika jarida la Lancet vipimo ambavyo hadi leo vinarudiwa darasani. Wanakijiji wa Uganda walipitisha chakula tumboni kwa muda wa saa 36 hivi na kutoa kinyesi cha takriban gramu 470 kwa siku, ilhali mabaharia wa jeshi la Uingereza walihitaji zaidi ya saa 80 na kutoa gramu 100 hivi. Hugh Trowell, ambaye alitibu wagonjwa Kenya na Uganda tangu mwaka 1929 hadi miaka ya 1950, alikuwa amekwisha kuorodhesha maradhi ambayo hakuyaona kwa Waafrika. Kutokana na kazi ya wawili hao ilijengeka nadharia moja pana: nyuzinyuzi za chakula ndizo zinazomkinga mtu na kufunga choo, na kupitia hapo na kiungulia, henia ya kiwambo na maradhi mengine ya tumbo. Nadharia hiyo imezaa matunda mengi mema. Hata hivyo, waliopimwa walikuwa watu wa kijijini, wenye shamba nyuma ya nyumba na mahali pa kujisaidia saa yoyote haja ilipowabana. Burkitt aliutaja mkao wa kuchuchumaa, lakini uhuru wa kwenda haja kwa wakati haukuhesabiwa kama kigezo. Kwa Laini Saba, kimojawapo cha vijiji vya mtaa wa Kibera jijini Nairobi, hilo ni kosa la msingi.

Makala haya yanadai kwamba katika makazi kama Laini Saba, kufunga choo, na sehemu fulani ya kiungulia kinachoandamana nako, hakuwezi kuelezwa na chakula peke yake. Umbali wa choo, kufuli lake, bei yake na saa ya kufungwa kwake ni visababishi vya maradhi kwa maana kamili ya kitabibu, na utafiti usiovipima unapima nusu ya ugonjwa. Kinachochochea hoja hii ni kitendawili kilichomo katika utafiti wenyewe. Kibera ni miongoni mwa mitaa iliyochunguzwa sana kiafya barani Afrika. Tangu katikati ya miaka ya 2000, taasisi ya KEMRI na kituo cha CDC cha Marekani zimefuatilia maelfu ya wakazi wa Soweto na Gatwekera, wahojaji wakipita nyumba hadi nyumba kuuliza habari za homa, kikohozi na kuhara, na wagonjwa wakitibiwa katika kliniki ya Tabitha. Kazi hiyo ndiyo iliyotuonyesha mwaka 2012 kwamba homa ya matumbo iliwapata watu 247 kati ya kila 100,000 kwa mwaka, kiwango cha kutisha kwa mtaa wa mjini. Tumbo linaloendesha limehesabiwa kwa uangalifu mkubwa. Tumbo lililofunga halikuwa miongoni mwa maswali makuu.

Kuhusu visababishi vya kawaida hakuna ugomvi. Unga wa mahindi wa pakiti, uliokobolewa na kuchekechwa, umeondolewa pumba ambazo unga wa kinu cha posho bado unazo. Chapati ya unga mweupe na chai ya rangi haviongezi kitu. Maji ya kununua kwa mtungi wa lita 20 hunywewa kwa hesabu. Wajawazito hupewa vidonge vya madini ya chuma, ambavyo vinajulikana kukausha choo, na wengi wao hula odowa, yale mawe laini yanayouzwa vibandani. Huko Kilifi, utafiti wa Geissler na wenzake uliochapishwa mwaka 1998 uliwakuta wajawazito zaidi ya nusu wakila udongo mara kwa mara. Haya yote ni kweli na yanafaa kuendelea kufundishwa kliniki. Ila hata nguvu ya nyuzinyuzi ina mpaka: mwaka 2012 watafiti wa Singapore waliwafuatilia wagonjwa 63 waliofunga choo bila sababu kujulikana, na waliopunguza au kuacha nyuzinyuzi ndio waliopata nafuu. Sidai kwamba matokeo hayo yanampindua Burkitt. Yanatosha tu kuonyesha kwamba kuongeza kinyesi ndani ya utumbo usiopata nafasi ya kukitoa si tiba.

Ugomvi halisi uko kwenye vigezo vya Roma vya kutambua maradhi ya tumbo, ambavyo toleo lavyo la nne la mwaka 2016 ndilo linalotawala majaribio ya dawa duniani. Mtu mzima huhesabiwa kuwa na ugonjwa wa kufunga choo akiwa na angalau dalili mbili kati ya sita, kama vile kukamua kwa nguvu, kinyesi kigumu chenye mabonge, hisia ya kutomaliza, au kwenda haja chini ya mara tatu kwa wiki. Hakuna swali hata moja linalouliza iwapo mgonjwa alikuwa na pa kwenda. La kushangaza ni kwamba vigezo vya watoto vya mfumo huohuo vinakitaja kitendo cha kujizuia haja kuwa mojawapo ya dalili za kuutambua ugonjwa. Maana yake ni kwamba wataalamu wa Roma wanajua vyema kuwa kujizuia kunafunga utumbo. Wamekichukulia tu kitendo hicho kuwa tabia ya mtoto mwenye woga, si hali ambayo mtaa mzima wa watu wazima unaweza kulazimishwa kuiishi. Utafiti mkubwa wa Wakfu wa Roma, unaoviandaa vigezo hivyo, uliochapishwa mwaka 2021 ulihoji watu wazima 73,076 katika nchi 33, na hakuna hata nchi moja ya Afrika Mashariki iliyokuwemo. Waliojaza maswali kwa intaneti walionyesha maradhi haya ya tumbo kwa zaidi ya asilimia 40. Waliohojiwa ana kwa ana majumbani, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo, walionyesha nusu ya hapo. Atakayeisoma tofauti hiyo kama ushahidi kwamba maskini hawafungi choo anapaswa kwanza kufikiria mahojiano yenyewe: mama anaulizwa habari za kinyesi chake ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, watoto wakisikiliza na jirani akisikia yote kupitia ukuta wa mabati.

Ushahidi ninaoupa uzito kuliko mwingine wowote si wa Nairobi, na ni mdogo kwa idadi, lakini ni safi kwa muundo. Mwaka 1990, Klauser na wenzake nchini Ujerumani waliuliza iwapo mtu mwenye afya anaweza kujifunza kufunga choo. Waliwachukua wanaume vijana 12 wasio na ugonjwa wowote wa tumbo na kuwataka wajizuie haja kwa wiki moja, kisha wakalinganisha wiki hiyo na wiki ambayo walikwenda walipobanwa. Safari ya chakula ilifuatiliwa kwa vipande vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei. Kilichobadilishwa makusudi kilikuwa kimoja tu: kuiitika haja au kutoiitika. Matokeo yalikuwa ya wazi. Idadi ya safari za chooni ilipungua, uzito wa kinyesi ukashuka, na muda wa kupita kwenye utumbo mpana ukarefuka. Zaidi ya hayo, kurefuka huko hakukuishia kwenye rektamu ambako kinyesi kilizuiliwa. Kulionekana pia upande wa kulia, mwanzoni mwa utumbo mpana. Yaani anayejizuia hasimamishi mlango wa mwisho peke yake, bali anauchelewesha utumbo mzima, na kinyesi kinachochelewa kinaendelea kunyonywa maji hadi kiwe kigumu. Wiki moja ilitosha kuyaleta hayo kwa vijana wenye afya, ambao wangeweza kwenda haja wakati wowote kama wangeamua kuliacha jaribio.

Sasa tuulete ushahidi huo Laini Saba. Utumbo mpana una nyakati mbili za kusukuma kwa nguvu: asubuhi mtu anapoamka, na baada ya mlo, hasa mlo mkubwa. Kwa familia nyingi za mtaa huu mlo mkubwa ni wa jioni, ugali na sukuma wiki baada ya kazi, giza likiwa limeingia. Saa hiyo choo cha ploti kimefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa mwenye ploti au kwa jirani aliyekwisha kulala. Choo cha kulipia nacho kimefungwa au kiko ng'ambo ya vichochoro visivyo na taa. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2010, iliyotokana na mahojiano na wanawake 130 wa Kibera, Mathare, Mukuru Kwa Njenga na Korogocho, inaeleza wanawake wanaolazimika kutembea zaidi ya mita 300 hadi chooni na wanaohofia kubakwa njiani usiku. Basi wanajizuia. Kukipambazuka, wakati wa pili wa utumbo unafika pamoja na foleni: choo kimoja, kaya nyingi, na safari ya miguu hadi Industrial Area ambayo haiwezi kuchelewa. Hivyo nyakati zote mbili zinapotea, leo, kesho na mwaka mzima. Vijana wa Ujerumani walijizuia kwa wiki moja; mwanamke wa Laini Saba anaweza kujizuia tangu ubalehe hadi uzee. Ni kweli kwamba kutoka wanaume 12 hadi mtaa mzima ni hatua ndefu, lakini mwelekeo wa athari hauna utata, na kipimo cha kujizuia kiko upande wa Laini Saba kwa mbali sana.

Kiungulia kinaingia kwa mlango huohuo. Tjeerdsma na wenzake wa Uholanzi walionyesha mwaka 1993 kwamba watu wenye afya wanaojizuia haja kwa hiari hucheleweshwa pia utokaji wa chakula kwenye tumbo la juu. Tumbo lililochelewa kumwaga, likiwa limejaa ugali wa saa mbili usiku, kisha mtu akalala chali muda mfupi baadaye kwa kuwa chumba ni hichohicho cha kupikia, kulia na kulalia, lina kila sababu ya kurudisha asidi kwenye umio. Pengine hapa ndipo sehemu ya wale wanaofika duka la dawa wakisema wana vidonda vya tumbo inapotokea. Simaanishi kwamba vidonda havipo. Uchunguzi wa Kimang'a na wenzake uliochapishwa mwaka 2010 uliwakuta zaidi ya nusu ya watu wazima wenye maumivu ya tumbo jijini Nairobi wakiwa na bakteria Helicobacter pylori, na bakteria huyo hustawi penye msongamano. Ninachosema ni kwamba mgonjwa akipewa omeprazole bila kuulizwa habari za choo chake, asidi inapunguzwa huku kinachochelewesha tumbo kikiachwa kama kilivyokuwa.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba watu wa Kibera hawajizuii, kwa sababu wanatumia ndoo au mifuko ya plastiki inayofungwa na kutupwa nje usiku. Wanaitumia, ndiyo, lakini kuwa na mfuko si sawa na kuwa na faragha. Kujisaidia mbele ya wakwe, watoto wakubwa au mgeni ndani ya chumba kimoja ni jambo ambalo mtu huliahirisha hadi asiweze tena, na tangu mifuko ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini mnamo Agosti 2017, hata mfuko wenyewe si kitu cha kuokotwa tu. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kuhara kunaua watoto, kufunga choo hakuui, na fedha za utafiti ni haba. Nakubali mpangilio huo wa vifo. Nakataa hitimisho lake, kwa kuwa choo kinachokosekana ndicho chanzo cha vyote viwili. Kinyesi kisichopata choo kinaingia kwenye maji na kuwaharisha watoto. Kinyesi kilichozuiliwa kwa kukosa choo kinawafunga mama zao. Anayepima tokeo moja na kuacha jingine anaipunguzia thamani ya kiafya kila shilingi inayojenga choo. Pingamizi la tatu, kwamba hatuna takwimu za Laini Saba, ni la kweli, na linaunga mkono hoja yangu: takwimu zinakosekana kwa sababu swali halikuulizwa.

Marekebisho yanayotakiwa si ghali. Mifumo iliyopo ya ufuatiliaji, ikiwemo ile ya kituo cha APHRC huko Korogocho na Viwandani, inaweza kuongeza maswali machache: choo kiko umbali gani, kinatumiwa na kaya ngapi, kinafungwa saa ngapi, kinalipiwa kiasi gani, na je, jana ulibanwa na haja ukajizuia? Vituo vya choo na gesi ya kinyesi vilivyojengwa Kibera na Umande Trust vinatoa nafasi ya kulinganisha wakazi walio karibu na walio mbali, au saa za kufunguliwa kabla na baada ya kurefushwa hadi usiku. Huenda tukakuta kwamba athari ni ndogo kuliko ninavyodai, na kwamba unga wa pakiti bado ndio mkosaji mkuu. Huo utakuwa ujuzi wa maana pia. Lakini mpaka hapo tutakapopima, kamati za maadili za Kenya zina wajibu ulio wazi. Jaribio lolote la dawa ya kufunga choo au ya kiungulia litakaloandikisha wagonjwa kutoka Laini Saba, Kawangware au Mathare bila kurekodi hali ya choo cha kila mshiriki lisipewe kibali, kwa sababu litaipa dawa sifa au lawama ambayo kwa haki ni ya mlango uliofungwa. Na wizara inayowashauri wagonjwa hawa waongeze mboga na maji, bila kuwawekea choo kinachofunguka usiku, inawapa ushauri ambao miili yao haina nafasi ya kuutumia.