Mnyama mwenza wa farasi

Mnyama mwenza wa farasi ni mnyama wa spishi nyingine anayefugwa pamoja na farasi ili farasi huyo asiishi peke yake. Mara nyingi huwa punda, mbuzi, kondoo au ng'ombe. Pengine ni mbwa au paka anayekaa bandani. Mwenza wa namna hii hutafutwa pale ambapo mfugaji hana uwezo wa kufuga farasi wawili, au farasi wa pili amekufa au ameuzwa.

Mwenza bora wa farasi ni farasi mwingine. Wanaofuata ni punda na baghala, kwa kuwa ni wa familia moja naye. Wanyama wengine hupunguza upweke lakini hawauondoi wote. Katika Tanzania ya kati, ambako farasi ni nadra na punda ni wengi, swali hilohilo huhusu zaidi punda: yule aliyepoteza mwenzake akae na nani?

Sababu za kuhitaji mwenza

Farasi ni mnyama wa kundi. Katika maisha ya porini usalama wake hutegemea macho na masikio ya wenzake. Farasi huweza kusinzia akiwa amesimama, lakini usingizi mzito huupata akiwa amelala chini, na mara nyingi hulala hivyo pale tu mwenzake anapobaki amesimama karibu. Farasi pia hukunana kwa meno, hasa sehemu ya juu ya mabega. Kukunwa hapo hupunguza mapigo ya moyo wake.

Farasi aliyetengwa huonyesha dalili kama vile kuzungukazunguka banda, kuyumbisha kichwa na shingo bila kukoma, kutafuna mbao, kuita mara kwa mara au kuacha kula.

Nchini Uswisi kanuni za ulinzi wa wanyama za mwaka 2008 zinataka kila farasi aweze kumwona, kumsikia na kumnusa mnyama mwingine wa familia yake. Punda na baghala wanakubalika kwa masharti hayo. Mbuzi au kondoo hahesabiwi.

Wanyama wanaotumika

Punda. Huelewa sehemu kubwa ya ishara za farasi, hula nyasi kama yeye na huweza kutembea naye malishoni. Tofauti zao zinahitaji uangalizi. Punda ametokana na maeneo makavu ya Afrika, naye hutosheka na majani makavu yenye nyuzinyuzi nyingi. Akilishwa nafaka pamoja na farasi hunenepa kupita kiasi na kupata uvimbe wa ndani ya kwato unaomlemaza. Aidha, punda hujenga urafiki wa kudumu na mwenzake mmoja, hivyo ni afadhali kuwanunua wawili waliozoeana kuliko kumtenganisha mmoja.

Mbuzi. Ni mdogo, hana gharama kubwa na huzoea banda haraka. Hula majani ya vichaka ambayo farasi huyaacha. Hata hivyo hutafuna kamba, ngozi za matandiko na wakati mwingine nywele za mkia wa farasi. Inafaa achaguliwe mbuzi asiye na pembe. Kwa kuwa mbuzi naye ni mnyama wa kundi, ni vema wafugwe wawili.

Kondoo. Ni mpole kuliko mbuzi, ila chakula cha madukani kilichotengenezwa kwa ajili ya farasi kina shaba nyingi inayoweza kumuua.

Ng'ombe. Hulisha vizuri pamoja na farasi, kwa sababu minyoo wengi wa ng'ombe hawaishi ndani ya farasi, na kinyume chake. Hatari kubwa ni pembe, pamoja na vyakula na dawa zinazotajwa hapa chini.

Mbwa na paka. Hutuliza farasi wa bandani lakini hawalishi naye. Farasi Godolphin Arabian, mmoja wa mababu wa farasi wa mbio wa Uingereza katika karne ya 18, anakumbukwa pamoja na paka wake Grimalkin. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao huua pia farasi na punda.

Si kila jaribio hufaulu. Farasi wa mbio wa Marekani Seabiscuit, aliyepata umaarufu katika miaka ya 1930, aliwekewa mbuzi na mkufunzi wake Tom Smith ili atulie. Alimkamata kwa meno na kumtupa nje ya banda. Aliyemtuliza baadaye alikuwa farasi mtulivu aliyeitwa Pumpkin.

Magonjwa na sumu

Kabla ya kuchagua mwenza, mfugaji huangalia mambo yafuatayo:

Minyoo wa mapafu. Punda huweza kuwabeba kwa muda mrefu bila dalili yoyote, lakini farasi anayelisha naye hupata kikohozi sugu. Punda mgeni hupewa dawa ya minyoo, kwa mfano ivamektini, kabla ya kuchanganywa na farasi.

Maradhi ya farasi ya Afrika. Husababishwa na virusi vinavyoenezwa na usubi. Farasi wasio na kinga hufa kwa wingi, wakati punda wa Afrika na pundamilia huambukizwa bila kuugua sana. Kwa hiyo punda anaweza kuwa chanzo cha maambukizi. Kinga ni kumchanja farasi na kumweka bandani kuanzia jioni hadi asubuhi, muda ambao usubi huuma zaidi.

Nagana. Huenezwa na mbung'o na huwapata farasi, punda na ng'ombe. Ni mojawapo ya sababu za farasi kuwa wachache katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki.

Pepopunda. Farasi huathirika kwa urahisi sana na ugonjwa huu. Jeraha la pembe au la msumari wa uzio linatosha kuuanzisha, hivyo chanjo ni muhimu.

Monensini. Dawa hii huchanganywa katika baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe. Kiasi kidogo tu huharibu moyo wa farasi na kumuua. Farasi na punda hawapaswi kulishwa vyakula hivyo, wala kufikia hori vinamowekwa.

Amitrazi. Hutumika kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Kwa farasi husimamisha mwendo wa utumbo na kuleta maumivu makali ya tumbo. Farasi au punda anayeishi na ng'ombe asipitishwe nao katika josho lenye dawa hiyo.

Namna ya kuwazoesha

Mnyama mgeni hutengwa kwanza kwa wiki kadhaa ili apimwe na kupewa dawa. Kisha huwekwa upande wa pili wa uzio imara, ambapo wawili hao huonana na kunusana bila kuumizana. Wakishatulia huachiwa pamoja mahali penye nafasi ya kukimbia, na kila mmoja hulishwa peke yake. Mnyama mdogo huhitaji mwanya wa kutorokea ambao farasi hawezi kupita. Farasi akiendelea kumfukuza, kumng'ata au kumpiga mateke, mwenza huyo hafai.

Tanzania ya kati

Farasi nchini Tanzania ni wachache. Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na farasi wengine hufugwa kwa ajili ya utalii na michezo. Katika kata za pembezoni mwa Jiji la Dodoma, kama Mkonze, mnyama wa familia hiyo anayeonekana ni punda. Eneo hili ni kame kiasi, lina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na wakati wa kiangazi punda hubeba maji, kuni na mazao. Wagogo, ambao ni wenyeji wa Dodoma, ni wakulima na wafugaji wa ng'ombe na mbuzi, hivyo mifugo anayoweza kuchanganywa nayo punda tayari ipo nyumbani.

Idadi ya punda ilitikiswa na biashara ya ngozi, ambazo hupelekwa China kutengenezea dawa ya asili iitwayo ejiao. Machinjio ya punda yalifunguliwa Dodoma na Shinyanga. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na mwezi Desemba mwaka huo mkutano wa Afrika kuhusu punda ulifanyika Dar es Salaam. Mnamo Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliidhinisha katazo la miaka 15 la kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Kwa kaya yenye punda wawili, kumuuza mmoja au kuibiwa ni kubaki na mnyama mpweke anayetegemewa kwa maji ya kila siku.

Punda aliyebaki peke yake

Punda aliyefiwa au kutenganishwa na mwenzake huweza kuacha kula. Hatari yake si huzuni tu. Akikaa bila chakula, mwili wake huanza kutoa akiba ya mafuta kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyatumia. Mafuta hujaa katika damu, ini na figo hushindwa kufanya kazi, na punda hufa baada ya siku chache. Wanaoathirika zaidi ni wanene, wazee na majike wenye mimba. Dalili za mwanzo ni hafifu: kuinamisha kichwa, kutojali na kuacha chakula. Daktari wa mifugo aitwe siku hiyohiyo.

Mwenzake akifa, inashauriwa punda aliyebaki aachwe karibu na mzoga mpaka auache mwenyewe, iwapo kifo hakikutokana na ugonjwa wa kuambukiza. Baadaye atafutiwe punda mwingine. Wakati wa kusubiri, asifungwe kamba mbali peke yake. Alishe na ng'ombe au mbuzi aliowazoea na kulala karibu nao katika zizi imara, kwa kuwa fisi huwashambulia punda usiku.

Tazama pia

Farasi
Punda
Baghala
Mbung'o
Mkonze